Kutembea Appalachian Trail na kikundi: kabla ya viatu, ulizia funguo

Mkuu, umeuliza kama mtu aliyehamia Maryland juzi juzi, ambaye zoezi lake ni ngazi za stesheni ya treni, anaweza kujiunga na kikundi kinachotembea Appalachian Trail, ile njia ndefu ya miguu ya milima ya mashariki mwa Marekani, kipande kwa kipande kila Jumamosi, Aprili hadi Mei. Na kama ni lazima anunue viatu vya dola mia mbili. Anaweza, na viatu hivyo si lazima. Mimi ni mtoto wa Moshi, nimekua naiona Kibo kila asubuhi nikipiga mswaki na mpaka leo sijaikanyaga. Milima nimejifunzia huku ugenini, misimu minne sasa, tena nilianza na raba za kwendea kazini.

Njia nzima inatoka Springer Mountain kule Georgia hadi Katahdin, Maine. Ni maili kama 2,190, majimbo 14. Wapo wanaoimaliza kwa mkupuo mmoja, miezi mitano au sita porini. Sisi wenye shifti za usiku na watoto tunamega kipande chetu: Maryland ni maili 41 hivi, karibu zote juu ya mgongo wa South Mountain, na barabara za lami zinaukata mgongo huo hapa na pale. Kwa hiyo unaweza kuigawa kwa siku sita, saba, ukalala kwako kila usiku.

Ila kuna jambo moja video za mtandaoni hazikuambii: njia hii haizunguki. Ukitembea maili 9 kwenda kaskazini, gari lako liko maili 9 kusini, na hakuna bodaboda.

Vikundi hutatua kwa namna mbili. Ya kwanza, alfajiri mnapeleka magari mwisho wa safari, mnabanana kwenye moja au mawili kurudi mwanzo. Inachosha na inakula saa nzima. Ya pili ni kugawanyika: nusu waanzie kusini, nusu kaskazini, mkutane katikati mbadilishane funguo, kila mmoja akaendeshe gari la mwenzake. Tamu sana hiyo, ikiwa mtabadilishana kweli.

Mwaka wangu wa pili tulipanga kutoka Gathland hadi Washington Monument. Gathland ndipo penye tao kubwa la mawe la mwaka 1896, kumbukumbu ya waandishi wa habari wa vita. Washington Monument ya huku si ule mnara mrefu mwembamba wa jijini Washington DC. Ni mnara mnene wa mawe makavu ambao wakazi wa Boonsboro waliusimamisha kwa mikono yao mwaka 1827. Mimi nilikuwa kundi la Gathland. Tukakutana katikati kwenye saa tano na nusu. Shangwe, kukumbatiana, mandazi yakatoka, chai ya tangawizi ikatoka, picha za pamoja zikapigwa tatu kwa sababu kila mara kuna aliyefumba macho. Tukaagana.

Saa nane natokea kwenye maegesho ya Monument, natia mkono mfukoni, natoa ufunguo. Ni wangu mwenyewe! Gari langu liko Gathland. Mbele yangu liko gari la mwenzangu, limefungwa, pilau letu linaonekana kwenye kioo cha nyuma. Na wao kule wamesimama kando ya gari langu na ufunguo wa gari la pilau. Watu kumi na mmoja, magari mawili makubwa, na hakuna anayekwenda popote. Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa, akanipeleka Gathland kwa pikapu yake. Njia nzima hakusema neno, ila kila baada ya muda mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Tangu siku hiyo sheria yetu ni kwamba mkikutana, funguo kwanza, salamu baadaye. Kwa hiyo kikundi unachotaka kujiunga nacho, swali la kwanza uliza magari yanapangwaje. Wakikujibu "tutajua huko huko", tafuta wengine.

Swali la pili: nani anakaa nyuma? Alama zenyewe hazipotezi mtu, ni mistari myeupe kwenye miti, inchi 2 kwa 6. Ya bluu ni vichochoro vya pembeni, kwenda kwenye maji au mandhari. Wanaopoteza watu ni wenye mwendo wa kasi. Wanatangulia, wanafika kilele, wanakaa robo saa wanakula karanga. Mama wa watu anafika anahema, hajashusha hata begi, wao wanasimama: "Haya, twendeni!" Yule ndiye aliyehitaji kupumzika, na ndiye asiyepumzika kamwe. Nimemwona dada mmoja wa Kisumu akilia kimya kimya kwa sababu hiyo, na hakurudi tena. Sisi sasa hatuondoki mpaka wa mwisho aseme.

Machipuko yenyewe sasa. Aprili miti bado mitupu, ndiyo raha yake: unaona mashamba na bonde pande zote mbili, wakati mwishoni mwa Mei majani yanafunga kila kitu. Chini kukiwa na jua, juu kuna upepo wa kukata masikio, kwa hiyo chukua koti la mvua hata utabiri ukisema nini. Ukikuta tope, pita katikati. Kila mtu akilizunguka, njia inapanuka na kuua maua ya pembeni.

Halafu kupe. Hili usilichukulie poa, huku wanaambukiza ugonjwa wa Lyme, na wale wachanga wa Mei ni wadogo kuliko punje ya ufuta. Vaa suruali ya rangi nyepesi, ichomekee ndani ya soksi, nguo zipulizie permethrini, dawa ya kuua wadudu. Ukifika nyumbani jikague nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni. Ukimkuta ameng'ang'ania, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja. Zile dawa za bibi, mafuta ya taa na kijiti cha moto, achana nazo. Kwa kawaida anahitaji zaidi ya saa 24 akiwa amekung'ang'ania ndipo akuambukize, ndiyo maana ukaguzi ni siku ile ile.

Kwa Jumamosi ya kwanza usianze na maili 9. Waombe wakupeleke Annapolis Rock kutokea barabara ya US 40: kwenda na kurudi ni maili 5 hivi, gari moja linatosha, funguo hazihusiki. Maili ya kwanza inapanda na utasikia malori ya barabara kuu ya I-70 mpaka ukereke, kisha panatulia na njia inakuwa tambarare. Mwambani utaona ziwa la Greenbrier chini yako. Moto hauruhusiwi pale, hivyo chai iende kwenye chupa. Fika kabla ya saa mbili asubuhi, maegesho ni madogo.