Digrii ya haraka au masta ya unesi Marekani: kwanza waambie nyumbani

Mdogo wangu, umeuliza vizuri: una digrii ya biashara ya Dar, bahati nasibu ya viza imekutoa, unakuja Marekani kusomea unesi. Umeambiwa ni mwaka mmoja tu, masta ina heshima kuliko kurudia digrii ya kwanza, na utasoma huku unapiga kazi usiku na kutuma nyumbani. Hilo la mwisho linaniudhi sana. Limeangusha watu wenye akili zao.

Digrii ya haraka, yaani digrii ya kwanza ya unesi kwa mtu ambaye tayari ana digrii ya fani nyingine, ni miezi 11 hadi 18, kweli. Lakini hesabu huanza ukishamaliza masomo ya awali: anatomia na fiziolojia sehemu mbili pamoja na maabara, mikrobiolojia, kemia, takwimu, mara nyingi na lishe. Mtu wa biashara huwa na takwimu tu. Ongeza mwaka au zaidi. Yasome chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha miaka miwili), ada iko chini, na usiyalaze: vyuo vingi huyakataa yakishapita miaka mitano.

Ukiingia, darasa na wodi hufika saa 40 kwa wiki hata kabla hujafungua kitabu. Ukitoka kuosha wazee usiku kucha, ukalala saa mbili, ukaingia mtihani, unajua kitakachotokea. Vyuo vingi vinataka wastani wa asilimia 75 au zaidi, na 74.9 ni kufeli. Ukianguka somo moja unangoja kundi lijalo, na ada imeshakwenda.

Kwa hiyo waambie nyumbani sasa, kabla hujasaini chochote: kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani hakuna hela. Taja tarehe. Usiseme "nitajitahidi", maana huko nyumbani hiyo ni ahadi. Najua dawa za mama haziwezi kungoja. Hizo tenga mapema, uziweke kando. Nyumba ya kijijini ingoje.

Sasa masta. Njia zote mbili zinaishia kwenye mtihani uleule wa kitaifa wa kupata leseni ya unesi, NCLEX-RN, na leseni ileile. Unaanzia wodi ileile, mgeni wa kazi kama wenzako, na hospitali nyingi zitakulipa sawa nao. Masta nyingi za watu wasio manesi ni za jumla. Hazikufanyi nesi bingwa anayetibu na kuandika dawa. Hapo utahitaji cheti kingine au udaktari wa uuguzi. Zinazokufikisha huko moja kwa moja huchukua kama miaka mitatu. Waulize chuo: nikimaliza nitaruhusiwa kufanya mtihani gani wa ubingwa? Wakizungukazunguka, ondoka.

Mikopo nayo ina mitego. Ruzuku ya Pell, hela ya serikali kuu isiyorudishwa, hupati, kwa sababu tayari una digrii, hata kama ni ya Dar. Kwa digrii ya haraka, serikali kuu hukopesha hadi dola 12,500 kwa mwaka. Kwa masta ni 20,500, lakini mkopo mwingine wa serikali, Grad PLUS, uliokuwa ukiziba pengo umefungwa kwa wakopaji wapya tangu Julai 1, 2026. Kinachobaki ni benki, na benki itataka mdhamini. Usimbebeshe binamu mzigo huo.

Mimi ningekwambia chukua digrii ya haraka. Ila kama chuo cha jamii cha karibu kina nafasi kwenye diploma ya unesi ya miaka miwili, chukua hiyo! Mtihani ni uleule, deni dogo, na digrii utaimalizia mtandaoni ukiwa unalipwa. New York, kwa mfano, sheria inampa nesi wa diploma miaka 10 kuimaliza.

Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi hesabu yake ni nyingine. Kama alishasoma digrii hapa na kutumia ile miezi 12 ya OPT (ruhusa ya mwanafunzi kufanya kazi ya fani yake), digrii nyingine ya ngazi hiyohiyo haimpi mingine, masta inampa. Huyo achukue masta.

Kabla ya wodi chuo kitataka vipimo na chanjo. Na kovu lako la BCG, chanjo ya TB: kipimo cha TB cha kuchoma ngozi kinaweza kusema una TB wakati huna. Omba cha damu. Chanjo ya homa ya ini B ya dozi tatu huchukua miezi sita, kwa hiyo anza huko huko. Wiki hii nenda chuoni kwako uombe matokeo rasmi yatumwe moja kwa moja kwa watathmini wa vyeti, wanaolinganisha digrii za nje na za Marekani; bahasha uliyoifungua mwenyewe haipokelewi.