Maswali ya wasomaji: Gobore lililokatwa nyuma

SWALI: Shikamoo mwalimu. Babu yangu wa Liwale alikuwa na gobore, tumekua tunaona anavyolishindilia kwa mdeki kupitia mdomoni. Juzi nimeona picha ya bunduki ya zamani ina nyundo pembeni kabisa kama ile ya babu, ila nyuma ya mtutu kuna kifuniko kinafunguka kama cha sanduku. Mshkaji wangu anasema hiyo ni feki, watu wameunga unga tu. Ni kweli? – Kijana wa Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie mshkaji wako hiyo sio feki hata kidogo, ni gobore lililobadilishwa kiwandani, na kwa unavyoielezea naona ni Snider ya Waingereza au mojawapo ya ndugu zake, manake miaka ya 1860 majeshi mengi ya Ulaya yalikuwa yanafanya kazi hiyohiyo.

Waingereza walikuwa na bunduki za Enfield za 1853 nyingi mno stoo, nzuri, zinalenga mbali, lakini zinajazwa kwa mdomo, baruti kwanza halafu risasi halafu mdeki halafu fataki ndogo ya kuwashia baruti, askari aliyeiva anafyatua kama mara 3 kwa dakika na lazima asimame au apige goti wakati anashindilia. Wakati huohuo Waprusi wana bunduki ya Dreyse inayojazwa kwa nyuma, unajaza umelala chini! Julai 1866 kwenye vita ya Königgrätz Waaustria waliokuwa bado na za kushindilia wakachakazwa vibaya na Waprusi hao, na baada ya hapo hakuna serikali iliyotaka kubaki nyuma. Sasa kutupa mabunduki yote hayo ununue mapya ni hela nyingi, ndo Waingereza, ambao walishaanza majaribio kabla ya vita hiyo, wakachukua wazo la Mmarekani Jacob Snider, kipande cha nyuma cha mtutu kinakatwa, kinafungwa chuma chenye kifuniko cha bawaba upande wa kulia, nyundo ileile ya zamani inabaki na sasa inagonga pini iliyopita ndani ya kifuniko. Ukishafyatua unafungua, unavuta kifuniko nyuma ganda la risasi iliyokwishatumika linatoka, halafu unaigeuza bunduki ganda lidondoke. Mara 10 kwa dakika. Kule Marekani Erskine Allin akafanya yake pale kiwanda cha silaha cha Springfield, kifuniko kinanyanyuka kwenda mbele, Wafaransa nao wakaja na Tabatière 1867, Waaustria na Wänzl mwaka huohuo.

Ila watu wote wanaangalia kifuniko, mimi naomba uangalie ganda. Kifuniko peke yake hakizibi, moto na gesi ya baruti vinapita kwenye upenyo vinamrudia mpigaji usoni, na hilo ndo lililoangusha mabunduki mengi ya kujaza kwa nyuma kabla ya hapo. Ganda la shaba linatanuka baruti ikiwaka, linabana kuta za mtutu, gesi haina pa kupita, ikiisha nguvu ganda linalegea kidogo unalitoa. Kanali Boxer wa jeshi la Waingereza ndiye aliyeitengenezea Snider risasi yake ya ganda, na ilipopata hiyo ikalenga vizuri kuliko hata Enfield iliyokuwa kabla haijakatwa. Kwa hiyo ufundi mkubwa ulikuwa kwenye kile kitu wanachokitupa chini.

SWALI: Kama hizo bunduki zilikuwepo tangu 1866 mbona wazee wetu kwenye Maji Maji 1905 walikuwa bado na magobore? – Dada wa Kariakoo

JIBU: Dada yangu, swali hili linaniuma. Zilifika mbona, Aprili 1868 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Napier lilizitumia Magdala kule Ethiopia dhidi ya watu wa mfalme Tewodros, na Seyyid Barghash wa Zanzibar alipoanzisha jeshi jipya 1877 chini ya Mwingereza Lloyd Mathews askari wake walishika Snider. Lakini 1890 mataifa makubwa yakakaa Brussels yakakubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, kilichoachwa kipite ni bunduki za jiwe, zile zinazowashwa kwa cheche ya jiwe, zenye mtutu laini ndani, pamoja na baruti ya kawaida. Sasa hapo rudi kwenye ganda, manake hata ukiipata Snider, ganda lake utalitoa wapi? Gobore linakula kipande chochote cha chuma au risasi ya kuyeyusha jikoni, Snider bila ganda lake ni rungu. Wazee hawakuwa washamba, walishika kitu wanachoweza kukilisha wenyewe, na mbele yao wakasimama askari wa Mjerumani wenye bunduki za kisasa za Mauser na bunduki za mashine.

SWALI: Mwalimu, fundi wa kuchomelea anaweza kulikata la babu hivyohivyo? – Kijana wa Mbagala tena

JIBU: Hapana mwanangu, asiliguse. Chuma chake hakikutengenezwa kwa nguvu hiyo, kinaweza kupasuka mikononi mwake, na kumiliki silaha bila kibali ni kosa kisheria. Kama bado lipo Liwale, usilipandishe basi kulileta Dar, ongea na wazee waite polisi wa hukohuko walichukue.