Nukuu Mbili na Seva ya Milioni 9

Juzi usiku kijana mmoja kaniandikia: "Shikamoo kaka. MySQL yetu inakufa kila mwisho wa mwezi. Tumeongeza RAM mpaka GB 64 na bado. Tuongeze nini tena?"

MySQL ni programu inayotunza kanzidata, yaani hifadhi ya data za mfumo. Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Haukuwa mgumu. Ni kwamba maneno yale yale ningeweza kuyaandika mimi mwaka 2019, na kuna jambo la mwaka ule ambalo sijapata kumwambia mtu mpaka leo.

Mnaofanya kazi hii mnaijua tarehe 28. Nilikuwa nasimamia kanzidata ya kampuni moja ya mikopo midogo hapa Dar. Mishahara ikishatoka, marejesho yanamiminika kwa simu: mteja analipa, taarifa inaingia kwenye mfumo, mfumo unatafuta mkopo wake kwa namba ya simu, unapunguza deni, unamtumia SMS. Siku za kawaida mteja hajarudisha simu mfukoni, SMS imeshafika. Mwezi ule SMS ikawa inachelewa nusu saa. Wateja wakadhani hela haijafika, wakalipa tena. Wakaanza kunipigia maofisa mikopo, akafuata meneja, mwishowe mkurugenzi, ambaye hakuwa na kawaida ya kupiga mwenyewe.

Nikafanya yanayofanywa na kila mtu. Kwanza nikasingizia intaneti. Kisha nikaizima seva na kuiwasha, ikapumua robo saa, ikarudi pale pale. Prosesa asilimia 100. Nikaongeza indeksi tatu (orodha za kutafutia data haraka) kwenye jedwali la mikopo, mbili kati yake mpaka leo sijui nilizitaka za nini. (Kila indeksi ni mzigo: mstari mpya ukiingia, zote zinaandikwa upya sehemu yake. Kwa hiyo siku ya marejesho mengi nilikuwa nimemtwika mgonjwa gunia.)

Halafu nikawasha logi ya maswali ya polepole, daftari la maombi ya data yanayochelewa kujibiwa, ambayo kwa kawaida huja imezimwa, nikajiona mtaalamu. Ikabaki tupu. Nikaandika kwenye ripoti kwa mkono wangu: kanzidata ni nzima. Sikuwa nimeangalia kwamba kikomo cha logi ile, usipokigusa, ni sekunde 10. Swali letu lilikuwa linachukua 6 au 7. Lilipita mlangoni kila mara na mlinzi yupo. Na hata ukikishusha kikomo kwa SET GLOBAL, miunganisho ambayo tayari iko wazi inabaki na kile cha zamani, na programu nyingi hushikilia miunganisho yao kutwa nzima. Shusha, kisha iwashe programu upya.

Nikaja kwenye SHOW PROCESSLIST, amri inayoonyesha maswali yanayoendelea. Pale niliona swali moja limejipanga mara arobaini, lile la kutafuta mkopo kwa namba ya simu. Lakini amri hiyo inakuonyesha herufi 100 za mwanzo tu, na swali letu lilitaja safu kumi na tano kabla ya kufika kwenye WHERE, sehemu yenye sharti la kutafutia. Sikuhangaika. Nikaliandika upya mwenyewe, nikatia namba ya mteja ndani ya nukuu kama nilivyofundishwa chuoni, nikapiga EXPLAIN, amri inayoonyesha MySQL italitafutaje jibu. Indeksi inatumika, mstari 1. Nikaliendesha, jibu likaja hata kabla sijaondoa kidole.

Basi ikabaki seva. Nikaandika barua ya kurasa nne, yenye michoro, nikaomba mashine ya GB 32 badala ya ile ya GB 8. Milioni 9. Nilijua kuandika barua wakati ule kuliko nilivyojua kusoma EXPLAIN.

Seva ikaja. Nafuu ilikuwepo, ndogo, ya siku mbili. Sikuwa nimegusa innodb_buffer_pool_size, kiasi cha RAM ambacho MySQL inatunzia data, ambayo usipoibadilisha ni MB 128, uwe na RAM ya GB 8 au ya GB 800. Tulimjengea mtu nyumba ya vyumba vinane, akaendelea kulala barazani. Ile nafuu ilitoka kwa mfumo endeshi, ambao nao una tabia ya kukumbuka mafaili.

Usiku wa siku ya tatu nikampigia mwenzangu mmoja wa kazi hii, dada aliyeko Mwanza. Nimemzidi miaka kadhaa kazini, na nilipenda kumkumbusha. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka, hiyo EXPLAIN umeipigia swali la programu au swali lako?"

"Si ni lile lile?"

"Lile lile kwa nani?"

Nikapiga SHOW FULL PROCESSLIST. Hilo neno FULL ndilo lilikuwa linanidai milioni 9. Mkiani mwa swali: namba ya simu imekaa bila nukuu, 255 na tarakimu zake tisa, tupu. Safu yetu ni VARCHAR, yaani ya maandishi. Programu iliyopokea taarifa za malipo ilikuwa inaituma namba kama tarakimu, si kama maandishi. Nikapiga EXPLAIN kwa swali hilo kama lilivyo: type ALL, key NULL, rows milioni 2 na ushee, yaani inasoma jedwali zima bila indeksi. Akaniambia niongeze SHOW WARNINGS, na MySQL yenyewe ikanieleza kwamba indeksi ipo ila haiwezi kuitumia kwa sababu ya kubadili aina ya data.

Sababu yake si uchawi. Ukilinganisha maandishi na tarakimu, MySQL inageuza vyote kuwa tarakimu. Sasa '0712', '712' na ' 712' ni maandishi matatu tofauti, lakini kama tarakimu ni kitu kimoja. Indeksi imepangwa kwa herufi, kama kamusi. Huwezi kufungua kamusi kutafuta neno linaloweza kuanza na herufi yoyote, unaisoma yote. Kila mteja aliyelipa alikuwa anasomewa mikopo milioni 2.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja kwenye programu. Nikapandisha na buffer pool mpaka GB 20. Tarehe 28 iliyofuata prosesa haikufika asilimia 15.

Sasa lile nisilolisema. Kwenye kikao mkurugenzi aliishukuru seva mpya. Akanisifu kwa kuona mbali, nikapigiwa makofi, nami nikainama kama bwana harusi. Yule dada sikumtaja. Wiki mbili baadaye bajeti yangu ya mafunzo ikakatwa, "maana hela imeenda kwenye seva," na sikuwa na pa kulalamikia. Nililia na siri yangu. Niliondoka pale 2021, na naambiwa bado wanasimulia seva ilivyowaokoa.

Kwa hiyo vijana wangu, nisikilizeni, kwa maana nimelipa ada. Acheni kunakili mipangilio ya watu ambao hawajaiona kanzidata yako. Piga EXPLAIN. Usipige kwa swali ulilolisafisha, piga kwa lile linalotoka kwenye programu, na uchafu wake wote. Ukiona DATE(tarehe) = '2024-05-28', ambayo nayo huizuia indeksi, andika kuanzia tarehe hiyo mpaka kabla ya inayofuata, indeksi ya tarehe itafanya kazi yake. Badilisha kitu kimoja, pima, ndipo ubadilishe kingine. Halafu piga EXPLAIN tena. Na aliyekusaidia mtaje jina lake mbele ya mkubwa wako siku ile ile. Baada ya hapo inakuwa ngumu kila mwaka unaopita.

Yule kijana nilimjibu kwa swali la dada wa Mwanza, neno kwa neno: hiyo EXPLAIN umeipigia swali la nani? Tiki ni za bluu tangu juzi. Nina wasiwasi yuko anaandika barua ya GB 128.