Jibu: Mpwa wangu anataka ufundi wa garimoshi la mvuke, aanzie wapi?
Mkuu, umeuliza mpwa wako hapo Ngamiani, Tanga, atajifunzia wapi, na garimoshi la mvuke halipiti tena. Aanze na wazee wa reli. Reli yetu ilianza kujengwa Tanga 1893, ikafika Moshi 1911. Kahawa barazani inatosha kuwafungua midomo. Ila asiulize historia, aulize maji! Maji ya boila, yaani tangi la kuchemshia mvuke, yakishuka chini ya paa la tanuri la moto lililo ndani yake, bati linalainika, boila linaweza kupasuka. Ndiyo maana pale juu huwekwa kizibo cha madini ya risasi: kinayeyuka kwanza, mvuke unaushukia moto. Jicho la kusoma kioo cha maji, kile kinachoonyesha kimo cha maji ndani ya boila, halipatikani YouTube. Wakati huohuo ajifunze kuchomelea na kukereza vyuma, halafu mpeleke makumbusho ya reli Nairobi akayaone magarimoshi yenyewe.