Wewe Mwenye Wapiganaji Sita, Soma Hapa

Msomaji mmoja wa Githurai ameniandikia wiki hii: "Bro, nimenunua Class of Heroes, nimeunda wapiganaji sita wa nguvu, na bado tunauawa kabla hatujafika popote. Hii gemu imeharibika?" Gemu hii ya kuongoza kikosi cha watu sita ndani ya shimo lenye maadui na mitego iko sawa, ndugu yangu. Kilichoharibika ni hicho kikosi.

Najua ninachosema. Mwezi uliopita nimemwangusha Werdna, mchawi anayejificha ghorofa ya kumi ya shimo la Wizardry. Hiyo ni gemu ya mwaka 1981, na kampuni ya Digital Eclipse iliitoa upya 2024 juu ya programu ileile ya zamani. Ukitaka, unaona skrini ya Apple II, kompyuta ya enzi hizo, ikiendelea pembeni huku wewe ukipigana na madubwana yenye sura za kisasa. Muziki wake ulipata Grammy mwaka 2025. Bado vijana wa FIFA mtaani kwetu huniuliza kama nimemaliza "hesabu za babu". Waniulize tena.

Class of Heroes, iliyotoka Japani mwaka 2008 kwenye PSP, kifaa cha gemu cha mkononi, ilifuata nyayo za Wizardry kisha ikaweka kila kitu shuleni. Badala ya kukusanya mashujaa tavani, yaani kilabuni, unaandikisha wanafunzi. Kuna jamii kumi, kuanzia wanadamu hadi watu wenye asili ya joka, na si zote zinazopatana. Wizardry nayo ina ukali wake: mwema na mwovu hawaondoki pamoja tavani, ila asiye na upande huchanganyika na wote.

Sasa kikosi. Watatu mbele, watatu nyuma. Katika Wizardry walio nyuma hawafikii adui kwa upanga, kwa hiyo mpiganaji wako wa nne ni abiria tu. Nyuma weka mchawi mwenye KATINO, uchawi wa kulaza adui, maana adui aliyelala hapigi mtu. Weka kasisi wa kutibu. Na weka mwizi, tafadhali. Kikosi bila mwizi ni matatu bila kondakta: mtafika, lakini pesa hamtaziona.

Hapa bado nina uchungu. Binamu yangu alikuja kukaa kwangu South B, akafungua Wizardry kwenye laptopu yangu nikiwa kazini. Alikuta sanduku, akamwambia mpiganaji alifungue wakati mwizi amesimama palepale. Mtego ukawarusha kona nyingine ya ghorofa ile, na hakujua hata njia ya kurudi ngazini. Wote sita wakafa. Gemu hii hujihifadhi yenyewe, kwa hiyo maiti zilibaki shimoni zikinisubiri. Nikaunda kikosi cha pili cha watu watatu, kwa sababu nafasi ni sita na wafu nao wanahesabiwa. Nikawalea hawa wageni mpaka wakaweza kushuka, nikawabeba wenzao kwa awamu. Hekaluni nikalipa. Watano walifufuka. Kasisi wangu alishindwa kufufuka, akawa majivu, nikalipa tena, akapotea kabisa. Binamu alisema, "Si uunde mwingine?" Sijamjibu hadi leo.

Ndiyo maana nawaambia: muwe na kikosi cha akiba. Vijana mnataka mtu mmoja mwenye upanga mkubwa, mpige picha, mweke kwenye status. Shimo halijui status. Shimo linauliza nani ana dawa, nani anajua mitego, nani anajua tulipo. Anayejua ni mchawi mwenye DUMAPIC, uchawi wa kuonyesha mlipo. Asiyependa kusoma atabaki kuzunguka kwenye giza akilaumu gemu, na wengi wenu hata maisha mnayaendesha hivyo hivyo. Samahani, lakini lazima mtu aseme.

Kwa yule wa Githurai: bakiza wapiganaji wawili mbele, wa tatu awe mwizi au kasisi mwenye deraya nzuri. Futa wengine. Soma ni jamii gani hazipatani kabla hujaandikisha mtu mpya, usijaze darasa kwa kuangalia sura. Geuka urudi shuleni uchawi ukibaki wa mara moja tu, hata kama ngazi ya kushuka unaiona. Na kisanduku chochote kikitokea, mwizi ndiye anayekikagua, hata kama kuna mgeni nyumbani anayedhani anajua.