Maswali na majibu: Kariakoo, ubia na nyumba za urithi

Dalali anataka ada kabla ya kunionyesha chumba Gerezani. Ni sawa?

Hapana. Mwache, tafuta mwingine.

Baba ametuachia nyumba ya vyumba sita Mtaa wa Swahili. Mwekezaji anataka ubia: sisi kiwanja, yeye fedha. Atajenga ghorofa kumi, atupe mbili za juu. Kaka mkubwa ameshakubali. Tusaini?

Msisaini. Barua za namna hii zinanifikia kila mara, na kila mara kuna kaka mkubwa aliyeshakubali. Kaka mkubwa si mwenye nyumba. Wa kusaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, tena kwa niaba ya warithi wote: mjane, dada zenu walioolewa mbali, na mdogo wenu ambaye hamsemeshani. Kama hamjafungua mirathi, hamna cha kujadili na mwekezaji.

Mkishafungua, ulizeni hati itakaa kwa nani. Mwekezaji akiiweka rehani benki na mkopo ukamshinda, kinachopigwa mnada ni kiwanja cha baba yenu. Andikeni pia nani atawalipia kodi huko mtakakohamia, na hadi lini, kwa sababu jengo likikwama kwenye nguzo mtabaki Chanika, pembezoni mwa jiji, mkisubiri.

Halafu hizo ghorofa mbili za juu. Fedha ya Kariakoo iko chini, kwenye fremu za maduka, ambako mfanyabiashara analipa kilemba, yaani fedha ya kupewa nafasi, kabla hata ya kodi. Anayebaki na fremu zote akawapa nyinyi juu, amechukua nyumba yenu. Daini fremu, na daini kila sehemu yenu iwe na hati yake. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inaruhusu.

Hamkuuliza, ila nasema: mjue mkandarasi ni nani na kama amesajiliwa. Ghorofa lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 liliua watu zaidi ya 20. Jengo likianguka kwenye kiwanja chenu, majina yenu yamo.

Nimepanga chumba Mtaa wa Sikukuu tangu watoto wakiwa wadogo. Mwenye nyumba anasema nitoke, wanavunja. Nina haki gani?

Dada yangu, haki yako iko kwenye mkataba na risiti, na najua wengi wenu hamna. Sheria ya kudhibiti kodi ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji wa mjini hana ngao. Lilikosea taifa lililoifuta bila kuweka nyingine. Kodi uliyolipa mbele daini irudi, kwa maandishi, na nakala ipeleke serikali ya mtaa. Usitoke kwa maneno ya mdomo.

Nikikaa miaka mingi kwenye chumba cha kupanga, kinakuwa changu?

Hakiwi. Nimeshajibu hili mara nyingi, tafadhali someni majibu ya nyuma.

Ni mpiga picha, nimechoka na Mbezi. Natamani kuhamia Kariakoo kwa sababu mtaa una uhai. Unanishauri nini?

Karibu, lakini ujue uhai huo unatoka wapi. Unatoka kwenye nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma ambako wapangaji wanapika pamoja, baraza mbele ambako wazee wanabishana. Katika mitaa hii zilikua Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, bendi za dansi zikapata wapenzi, na TANU ikazaliwa mwaka 1954. Nyumba moja ikivunjwa, familia sita zinaondoka na mahali pake panakuwa stoo ya mabegi na viatu.

Kwa hiyo ukija, lipa kodi wanayolipa majirani. Usimwahidi mwenye nyumba kodi mara mbili ili amtoe mama aliyemo. Na piga picha za nyumba hizo sasa, na majina ya waliokaa humo uyaandike.