Barua kwa mwanangu: waliopona na waliopotea katika Oliver Twist

Mwanangu Zaituni,

Marahaba. Huku hatujambo, mama yako anakusalimu. Umeniandikia kwamba umemaliza kumsomea Idrisa Oliver Twist, riwaya ya yatima Oliver aliyeangukia mikononi mwa wezi, na mtoto amekasirika. Nancy, msichana wa genge la wezi aliyejitosa ili Oliver aokolewe, kauawa. Noah Claypole, ambaye maneno yake ndiyo yaliyomuua, yuko hai anatafuna fedha. Na Dick mdogo kafa kabla Oliver hajarudi kumchukua. Unaniuliza Charles Dickens alitumia mizani gani.

Nitakujibu kikarani, maana fasihi sikuisomea, ila meza ya mahakama niliikalia mpaka nikastaafu. Mwambie Idrisa atazame karatasi. Katika hadithi ile anapona mwenye mirathi, au mwenye ushahidi ambao serikali inauhitaji. Tabia njema peke yake haikumtoa mtu.

Anza na wasia wa Edwin Leeford, baba yake Oliver. Dickens ameuficha mpaka sura ya 51, na hapo anaueleza mbiombio. Mke wa ndoa na mwanawe Edward, huyu anayejiita Monks, waliachiwa posho ya paundi 800 kwa mwaka kila mmoja. Mali iliyobaki ilikatwa mafungu mawili, moja la Agnes Fleming, jingine la mtoto aliyekuwa tumboni mwake, ndiye Oliver. Akizaliwa msichana, achukue bila sharti. Akizaliwa mvulana, achukue endapo hatalivunjia jina lake heshima hadharani kabla hajafikia umri wa mtu mzima, vinginevyo fungu lirudi kwa kaka yake. Mama yake Monks aliuchoma moto wasia huo, lakini mwanawe aliyajua masharti. Sasa rudi kwenye pango la Fagin, mzee anayewafundisha watoto wizi, uone jinsi mambo yanavyobadilika. Fagin alikuwa akilipwa na Monks ili amnase Oliver, na fedha nyingine angezirudisha mtoto akiokolewa. Kumbe zile leso alizofundishwa kuzichomoa mifukoni zilikuwa kesi ya mirathi.

Oliver alipona kwa sababu mzee wa kwanza kuibiwa mbele yake, Brownlow, alikuwa rafiki wa marehemu baba yake na ametundika ukutani picha ya Agnes. Na nyumba aliyosukumwa dirishani akaibe, ndimo alimolelewa Rose, ambaye mwishoni anatokea kuwa mama yake mdogo. Mahakamani kwetu hakimu angevua miwani. Baada ya yote hayo, mali iliyosalia Brownlow alishauri waigawe nusu kwa nusu, paundi elfu tatu na kitu kila mmoja, ili Monks naye apate nafasi ya kujirekebisha, ingawa kwa wasia yote ilikuwa ya Oliver. Mtoto alikubali kwa furaha. Monks alivuka bahari kwenda Amerika, akazimaliza, akafia gerezani.

Dick sasa. Mtoto huyu wa nyumba ya maskini ndiye aliyemkumbatia Oliver langoni alfajiri ile ya kutoroka na kumwombea baraka, wala Oliver hakuwa amewahi kuombewa na mtu. Kama wema ungekuwa ndiyo mizani, Dick angekuwa wa kwanza kupona. Lakini hana wasia, hana picha ukutani, hana mama mdogo. Sura ile ile ya 51 iliyogawa maelfu ya paundi inamalizika kwa maneno machache tu, kwamba maskini Dick amekufa. Wengi wanaona hapo Dickens anatafuta machozi. Mimi naona alikuwa anasema kweli. Hadithi ilianza kutoka gazetini Februari 1837, Sheria ya Maskini ya 1834, iliyowasukuma wenye shida kwenye nyumba kama ile, ikiwa bado mbichi. Na mwandishi mwenyewe, mwaka 1824, akiwa na miaka 12, alikuwa akibandika lebo kwenye makopo ya rangi ya viatu huku baba yake amefungwa katika gereza la Marshalsea kwa madeni. Baadaye aliandika kwamba kwa matunzo aliyoyapata wakati ule, angeweza kabisa kuishia kuwa mwizi mdogo wa mitaani.

Nancy yeye alifunguliwa mlango akakataa kutoka. Usiku ule pale London Bridge, Rose na Brownlow walimwahidi mahali pa kujificha, hata nje ya Uingereza akitaka. Aliwapa njia ya kumpata Monks tu. Alikataa kumtoa Fagin, na hakutaka hata kumwacha Sikes, mwizi aliyekuwa mpenzi wake. Noah, aliyetumwa na Fagin kumfuata, alikuwa amejibanza kwenye ngazi za daraja anasikiliza. Akayasimulia aliyoyasikia, na Sikes akamuua Nancy. Yaliyobaki mmeyasoma. Halafu Noah huyo huyo akageuka shahidi wa upande wa mashtaka, Fagin akanyongwa, yeye akapewa msamaha. Kazi aliyoichagua baadaye inanichekesha kwa hasira. Jumapili wakati wa ibada, sheria ikiwakataza wenye baa kuuza, Charlotte, mwenzake Noah, anajifanya kuzimia mlangoni, mwenye baa anaona huruma na kuuza brandi ya peni tatu ya kumzindua, na kesho yake Noah anakwenda kumshtaki ili apate nusu ya faini. Watu wa namna hiyo nimewaapisha, mwanangu. Hawafi mapema.

Bumble, ofisa wa nyumba ya maskini, na mkewe walifukuzwa kazi wakaishia kulishwa katika nyumba ile ile waliyoitawala. Idrisa alifurahi, nina hakika. Jack Dawkins, kijana mwizi wa genge la Fagin, alikamatwa na kijaluba cha fedha cha ugoro, na wenzake wakajua ndiyo safari ya kupelekwa uhamishoni ng'ambo.

Anayevunja hesabu yangu yote ni Charley Bates, kijana mwingine wa genge hilo. Hakuachiwa hata senti wala hakuuza siri mahakamani. Alimwona Sikes amerudi na damu ya Nancy, akamrukia yule jitu peke yake huku akipiga kelele watu waje. Baadaye akawa kibarua wa shambani, akahangaika, mwishowe akawa mfugaji mchangamfu kuliko wote Northamptonshire. Dickens amempa mistari michache tu, ningempa sura nzima.

Kuhusu Fagin, tazama nakala yako. Mwaka 1863 Eliza Davis, mama wa Kiyahudi, alimwandikia Dickens kulalamika, na katika toleo la 1867 alifuta sehemu nyingi alizokuwa akimwita "Myahudi" badala ya jina lake. Nyingine zimebaki. Unapomsomea mtoto kwa sauti, zitaje kwa jina la Fagin.

Na ile sura ya kuuawa kwa Nancy ungeipunguza. Dickens aliisoma jukwaani kuanzia 1869, na ilimchosha hadi waliokuwa karibu naye wakamsihi aiache. Wewe unamsomea mtoto wa miaka kumi saa ya kulala!

Msalimie mkwe wangu.

Baba yako